Mgonjwa Asiye na Kovu

Nyumbani kwa mke wangu, Likunja, mtu akirudi kutoka kupasuliwa hospitali huonyesha kovu. Sijui desturi hiyo ilianza lini. Niliikuta nilipokwenda kuoa huko, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mzee aliyepasuliwa ngiri akirudi, wenzake humzunguka barazani baada ya sala ya alasiri, naye hupandisha shati na kushusha msuli kiasi cha heshima, na kila mmoja huinama kutazama. Huulizana mshono umepita wapi, umekaza vipi, na kama daktari alikuwa na haraka siku ile. Wakiridhika husema alhamdulillahi, na kesho yake hupikwa wali. Kwa wanawake mambo ni hayo hayo, ila hufanyika chumbani.

Na mgonjwa aliyerudi bila kovu alieleweka kwa namna moja tu. Madaktari wamemtazama, wameona hakuna la kufanya, wamemrudisha azikwe kwao. Watu wa pale waliwahi kuwapokea wagonjwa wa namna hiyo, kwa hiyo siwalaumu kwa yaliyotokea baadaye. Nayakumbuka nikicheka, na kila nikicheka namshukuru Mola wangu.

Mimi ni Myao wa Nachingwea, maalimu wa madrasa. Mke wangu ni Mmwera wa Ruangwa, mwalimu wa shule ya msingi. Yeye aliniita Maalimu, mimi nilimwita Mwalimu, na watoto wetu walipokuwa wadogo walidhani hayo ndiyo majina yetu. Tuliishi Nachingwea mjini. Asubuhi yeye alifundisha darasa la kwanza, mchana nami niliwapokea watoto wale wale barazani kwangu wakisoma alifu na bee.

"Mimi nawafundisha kwenda kulia," alikuwa akisema, "wewe unawarudisha kushoto. Ndiyo maana watoto wa Nachingwea hawafiki popote."

Alikuwa na maneno, na likizo tukienda kwao alikutana na mwenye maneno zaidi yake. Huyo alikuwa bibi mmoja wa Kimakua, jirani wa mjomba wake. Wamakua na Wamwera wa pale ni watani, na bibi yule aliubeba utani kama kazi aliyoajiriwa. Aliweza kuingia nyumba ya Mmwera, akachukua kuku, akatoka naye kwapani, na mwenye kuku akabaki akicheka. Kwenye misiba ndipo alipotafutwa hasa. Alivaa nguo za marehemu, akaiga mwendo wake na kauli zake, mpaka waliokuwa wakilia wakajikuta wanacheka huku machozi yakiwatoka. Kazi ya mtani ndiyo hiyo, kuwafanya wafiwa wapumue.

Ugonjwa wa mke wangu ulijulikana kwa sababu ya wema. Katikati ya miaka ya elfu mbili, mwalimu mwenzake alijifungua kwa shida akahitaji damu. Mke wangu alikwenda hospitali ya wilaya kumtolea. Akarudi nyumbani bado na damu yake yote, amenyamaza, jambo lisilo la kawaida kwake.

"Wameikataa," aliniambia. "Wanasema ina virusi vya homa ya ini."

Hakuwa na homa wala manjano machoni. Alipika, alifundisha, alibeba maji. Lakini tulikwenda hospitali ya misheni, upande wa Masasi, ambako kulikuwa na mashine ya kupiga picha ya tumbo, na daktari akatuambia kwamba virusi vile huenda aliishi navyo tangu utotoni. Taratibu, bila kelele, vilikuwa vimeliunguza ini likapona, likaungua tena likapona, mpaka likajaa makovu na kuwa gumu. Hali hiyo inaitwa sirosisi. Alisema ini la namna hiyo linaweza kufanya kazi kwa miaka mingi, lakini pia linaweza kuota uvimbe wa saratani, kwa hiyo tuwe tunarudi kila baada ya miezi sita kupigwa picha. Dawa za kuvituliza virusi hazikuwa rahisi kupatikana wakati ule. Tulipewa ratiba, na tuliishika kama tulivyoshika nyakati za sala.

Habari hiyo ilifika Likunja kabla yetu. Tulipokwenda msimu wa korosho, bibi mtani alikuwa amekaa njiani anatungojea, mbele ya rundo la mabibo yaliyokwisha kung'olewa korosho zake. Kila mtu wa kwetu anajua kwamba mabibo hukamuliwa yakachachushwa kuwa uraka, na kila mtu anajua walevi wa uraka na gongo huishia wapi.

"Karibu, Mwalimu!" akapaza sauti ili mtaa mzima usikie. "Ini limekuharibikia, eti? Mtu wa swala tano! Miaka yote nasema mabibo ya shamba la mjomba wako yanapotelea wapi, kumbe yalikuwa yanapanda gari kwenda Nachingwea!"

"Nilikuwa nakupitishia wewe usiku, bibi," mke wangu akajibu. "Umesahau kwa sababu ulikuwa umelewa."

"Na huyu Myao wako alikuwa anakunywa maji matupu?"

"Huyu alikuwa anasoma dua tusikamatwe."

Watu walicheka mpaka wakashika miti. Mke wangu aliniambia usiku ule kwamba tangu siku ya kukataliwa damu yake, hapo ndipo alipojisikia mzima. Watu wengine walikuwa wameanza kumwonea huruma, na huruma ilimchosha.

Tulihudhuria hospitali safari baada ya safari. Wakati wa kifuku, mvua zikishika, barabara zetu ziligeuka tope na magari yalikwama, lakini tulikwenda. Kila mara daktari alisema ini ni lile lile, na sisi tulirudi tukila mihogo ya kukaanga njiani kama watoto waliofaulu mtihani. Mpaka safari moja, mwishoni mwishoni mwa miaka ile ya elfu mbili, daktari aliisimamisha mashine mahali pamoja, akairudisha, akaisimamisha tena. Pembeni mwa ini, upande wa kushoto, kulikuwa na uvimbe mdogo, mviringo, ambao haukuwepo.

Vipimo vya Dar es Salaam vilithibitisha kwamba ni saratani. Vilionyesha pia kwamba ilikuwa bado ndogo na haijasambaa, na wakubwa wa pale wakasema kuna madaktari India wanaoweza kuikata hata kwenye ini gumu. Mke wangu alikuwa mtumishi wa serikali, na maombi ya kumpeleka yalikubaliwa, nami nikakubaliwa kumsindikiza. Nilisali rakaa mbili za kuomba uongozi, nikaona moyo wangu umetulia. Wa kwake ulikuwa umekwisha kutulia zamani.

Lakini kwa Wamwera mtu ni wa upande wa mama yake, na mwenye kauli ya mwisho juu ya mke wangu alikuwa mjomba wake. Tulikwenda kumwomba ruhusa. Alikuwa mzee mrefu, mkulima wa ufuta, mwenye kufikiri sana kabla ya kusema.

"Mkwe," aliniambia, "wanataka kumkata ini?"

"Ndiyo, mjomba. Kipande."

"Mimi nimechinja mbuzi wengi. Mbuzi ukifika kwenye ini, mambo yake yamekwisha."

"Mjomba," mke wangu akaingilia, "yule mbuzi unakuwa umemchinja kwanza. Tatizo lake halikuwa ini."

Mjomba alijikaza asicheke, akashindwa. Kisha akashika mkono wa mpwa wake akaushikilia. "Nenda," alisema. "Mungu akutangulie. Ila ukirudi, usipite Nachingwea. Njoo hapa kwanza. Nataka kukuona kwa macho yangu."

Sitaeleza safari ya ndege, kwa sababu niliipitisha nimefumba macho nikisoma nyiradi. Mke wangu alikaa dirishani, akinieleza mawingu yalivyo, nami nikamwomba aache.

Daktari wa India alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye mikono midogo. Alizungumza Kiingereza, ambacho mke wangu alikijua vya kutosha na mimi sikukijua. Basi yeye mgonjwa ndiye aliyekuwa mkalimani wangu. Siku ya kwanza daktari alizungumza muda mrefu, akichora kwenye karatasi, akionyesha kwa vidole, akiuliza kama tumeelewa. Nikamgeukia mke wangu.

"Anasemaje?"

"Anasema inshallah."

"Mwalimu, mtu huyu amesema maneno mengi."

"Mengine ni ya kitaalamu."

Nilimngojea. Kazi ya kusomesha watoto imenifundisha kungoja. Jioni, tukiwa tumekaa kitandani kwake wodini, akanieleza yote, na alinieleza kama anavyoeleza darasa la kwanza, kwa vitu wanavyovijua.

"Unajua barabara ya kwenda kwetu wakati wa kifuku?" akasema. "Lori likikwama katikati, barabara imefungwa. Watu wanafanyaje?"

"Wanapita mashambani."

"Wanapita mashambani. Wanafungua vijia pembeni, na mizigo inafika. Basi ini langu ndilo barabara iliyofungwa. Damu haipiti vizuri katikati, kwa hiyo mwili umejifungulia vijia, vingine viko kwenye ngozi na nyama za tumbo hili. Ukinipasua kwa kisu kirefu, kama wanavyopasua watu, unavikata vijia vyote. Tumbo litajaa maji, kidonda kitavuja, na ini langu halina nguvu ya akiba ya kuhimili fujo hiyo. Kuna watu uvimbe wao ulitolewa vizuri, lakini ini likashindwa baada ya hapo."

"Sasa watafanyaje?"

"Daktari hatanipasua. Atatoboa vitundu. Watajaza hewa tumboni ili ngozi inyanyuke kama hema, wataingiza kamera nyembamba kwenye tundu moja na vyombo kwenye mengine, na yeye atafanya kazi akitazama kwenye televisheni. Kipande chenye uvimbe atakikata, atakitia kwenye kimfuko na kukivuta nje."

"Kwenye tundu?"

"Moja watalirefusha kidogo."

Niliuliza swali ambalo nilijua jibu lake. "Kuna hatari?"

"Ipo. Damu ikitoka nyingi, watalazimika kufungua tumbo. Na ini linaweza kukataa. Ameniambia wazi." Akanitazama. "Nilikwambia inshallah, Maalimu. Sikukudanganya. Nilifupisha tu."

Asubuhi ya siku yenyewe alinipa kanga yake nimshikie. Wakampandisha kwenye kitanda cha magurudumu, na wakati wanamsukuma alikuwa anawahesabia wauguzi moja mbili tatu kwa Kiswahili, nao wanamfuatisha. Kisha mlango ukafungwa.

Nimewahi kukaa itikafu siku za mwisho za Ramadhani, nimekesha, nimefunga. Sikuwahi kumwomba Mola wangu kama nilivyomwomba kwenye benchi lile, na maombi yenyewe yalikuwa mafupi kuliko yote. Nilisema, Yeye ni wako, nami ni wako, utakalo tunaliridhia, lakini nakuomba. Basi. Nilirudia hivyo mpaka adhuhuri ikaingia nikasali, nikaendelea.

Daktari alitoka akiwa bado amefunga kofia yake ya kitambaa. Hapakuwa na mkalimani, kwa kuwa mkalimani mwenyewe alikuwa ndani hajazinduka. Akanitazama, akafikiri, kisha akaikunja mikono yake midogo kifuani, akatabasamu, akasema neno moja ambalo bila shaka alilipata kwa mke wangu.

"Inshallah," alisema.

Hakulitumia mahali pake, lakini nilimwelewa vizuri kabisa.

Mke wangu alipozinduka kutoka kwenye nusu kaputi, jambo la kwanza aliuliza kama nimekula. Siku iliyofuata wauguzi walimsimamisha akatembea mpaka dirishani. Nilizoea kuona mtu aliyepasuliwa amelala siku nyingi, amejikunja, anaogopa hata kukohoa. Huyu alikuwa anatembea kwenye korido, taratibu, akiwasalimia wagonjwa wengine na kuwasahihisha matamshi ya "hujambo." Tumbo lake lilikuwa na plasta ndogo ndogo, na chini kidogo ya kitovu plasta moja ndefu kama kidole. Maji hayakujaa. Manjano hayakuja. Daktari alisema uvimbe umetoka mzima pamoja na nyama safi kuuzunguka. Alisema pia kwamba ini lililobaki ni lile lile gumu, kwa hiyo atumie dawa za virusi na aendelee kupimwa, kwa kuwa uvimbe mwingine unaweza kuota. Safari hii mke wangu alinitafsiria neno kwa neno.

Tulishika agizo la mjomba. Kutoka Dar es Salaam tulipanda basi la kusini, tukafika Ruangwa, na alasiri tukawa Likunja. Mke wangu alishuka mwenyewe, amekonda, lakini anatembea wima na mkoba wake begani. Wanawake walimpokea kwa vigelegele, wakamwingiza ndani aoge. Mimi nikaenda msikitini.

Kilichotokea wakati niko msikitini nilikijua baadaye. Shangazi mmoja aliyekwenda kumsaidia kuoga alitafuta kovu. Alizoea kovu la kutoka kifuani hadi kitovuni, au la ubavu mzima. Nyumba ilikuwa na giza, mke wangu alikuwa na haraka ya kujifunika kanga, na shangazi hakuona chochote. Hakuuliza, maana mtu hamwulizi mgonjwa jambo kama hilo. Alitoka nje akawaambia wenzake kwa sauti ya chini kwamba mtoto wetu hakupasuliwa. Ikaeleweka. Na kwa kuwa amepitiliza Nachingwea alikoolewa akaja moja kwa moja kwa wajomba zake, ikaeleweka zaidi: amejileta azikwe na watu wa mama yake.

Baada ya sala wazee walinishika mkono kwa muda mrefu. Mmoja akaniambia, "Subira, Maalimu." Nilimshukuru. Nilidhani anazungumzia uchovu wa safari.

Asubuhi tulikuwa ndani tunakunywa chai. Mke wangu alikuwa na hamu ya kula ambayo sikuiona kwake tangu mwaka uliotangulia, na alikuwa amemaliza mihogo yake akaanza yangu. Tukasikia nje watu wanazidi kuja. Nilichungulia dirishani. Wanawake walikuwa wanatua kuni na unga. Mikeka ilikuwa imetandikwa, wanaume wamekaa wameinamisha vichwa, na mara nikasikia wameanza kusoma Yasini.

"Kuna msiba?" mke wangu akauliza, mdomo umejaa. "Nani amekufa?"

"Sijui. Ngoja nikaulize."

Nilitoka, nikapita katikati ya mikeka, nikachuchumaa karibu na mjomba.

"Mjomba, pole sana. Tumefiwa na nani?"

Mjomba alinitazama kwa huruma kubwa. "Bado, mkwe," alisema.

"Bado?"

Kabla hajajibu, bibi mtani akatokea upande wa jikoni. Alikuwa amevaa kanga ya mke wangu na viatu vya mke wangu, ambavyo alivichukua kwenye kamba na mlangoni, na mkononi ameshika kipande cha mhogo mkavu kama chaki. Alitembea kwa hatua fupi za haraka, shingo juu, vile vile anavyotembea mke wangu akiwa amechelewa kipindi. Akasimama mbele ya wale wasomaji.

"Darasa, simameni!" akasema, na sauti ilikuwa ya mke wangu kabisa. "Nani anapiga kelele huko nyuma? Wewe Maalimu, mbona unaandika kinyumenyume?"

Msomaji mmoja alikosa aya. Mwingine alijifunika uso kwa kofia, mabega yanatikisika. Nilikuwa nimekwisha kuelewa kila kitu, na nilishindwa nianze kumwambia nani.

"Bibi," mjomba akamkemea, "hata hajafa! Unamwiga mtu aliye hai?"

Bibi akaacha mchezo. Alisema kwa sauti yake mwenyewe, ya kizee, iliyochoka. "Nimewaiga wengi hapa. Nimemwiga mama yake huyu. Hakuna hata mmoja aliyeniona. Wote walikuwa wamelala kwenye sanda. Huyu nampenda. Nilitaka anione kabla hajaenda."

Hakuna aliyecheka. Hapo mlango ukafunguliwa, mke wangu akatoka na kipande cha mhogo wangu mkononi.

"Nimekuona," alisema. "Mimi sitembei hivyo. Na vua kanga yangu, wewe Mmakua!"

"Rudi ndani ukafe kwa adabu!" bibi akajibu, lakini sauti ilikuwa inatetemeka. "Watu wameacha mashamba yao kwa ajili yako!"

"Sifi leo. Nina njaa."

"Kovu liko wapi? Walikutazama wakakuacha, unatuficha!"

"Njoo ndani nikuonyeshe. Njoo na taa, maana naona mmezeeka macho."

Wanawake wakaingia wote, nyumba ikajaa. Sisi tulibaki nje na mjomba. Nilianza kumweleza, lakini aliinua mkono kunizuia. Macho yake yalikuwa mlangoni. Kutoka ndani zilisikika sauti, "Liko hapa!" na "Hili nalo!" na "Sogeza taa!" kisha kigelegele kimoja kirefu, ambacho kiliwanyanyua hata wazee wasioweza kunyanyuka upesi.

Bibi alitoka wa kwanza, bado amevaa kanga isiyo yake.

"Nimeyaona!" alitangaza. "Vitundu! Vidogo kama chanjo ya ndui! Wahindi wamemwingia kama panya wanavyoingia ghalani. Wamepita huku, wametokea kule, wamekula kibaya wameacha kizuri. Panya wa namna hiyo na mimi nawataka kwangu!"

"Ini limepita kwenye tundu la panya?" mjomba aliuliza.

"Kipande, mjomba," mke wangu akasema kutoka mlangoni. "Kilitiwa kwenye mfuko kikatolewa chini ya kitovu." Akamweleza kisa chote, na wanaume wakasogeza mikeka karibu. Mjomba aliuliza maswali mengi, moja baada ya jingine, kama anavyokagua ufuta wa mbegu kabla ya kuununua. Mwisho akauliza lile lililokuwa kubwa kuliko yote.

"Basi umepona?"

Nilimwona mke wangu anatafuta neno. Angeweza kusema ndiyo, na watu wangefurahi. "Uvimbe umetoka," alisema. "Ini bado gumu. Mwingine unaweza kuota, au usiote. Miezi michache ijayo nitapigwa picha, tutajua kama safari hii imeshika."

Mjomba alitikisa kichwa polepole, akalipokea jibu hilo. Kisha akanigeukia. "Mkwe, hii Yasini tuliyoianza tuiache?"

"Haiachwi, mjomba," nilisema. "Mwenye kuisoma na mwenye kusomewa wote wanapata kheri, na kheri haimkatai aliye hai. Tuimalizie, kisha tuombe dua ya shukrani."

Tuliimalizia. Unga uliokuja kwa ajili ya msiba ulisongwa ugali, kuni zikapikia wali pia, na watu wa kijiji cha Nambilanje waliokuwa wametumiwa habari ya kifo walifika mchana na nyuso za huzuni, wakamkuta marehemu anagawa mchuzi. Bibi mtani alikaa pembeni yake siku nzima. Kila alipofika mgeni, bibi alimwiga mke wangu upya, na mke wangu alimkosoa kila mara.

Lakini lile swali la mjomba lilikwenda nasi Nachingwea. Mke wangu alirudi darasani, nami barazani. Alikula dawa zake. Hatukulitaja, ila nilimwona nyakati nyingine ameweka kiganja pembeni ya tumbo, anasikiliza. Nami nilijifunza upya maana ya kuomba bila kuharakisha jibu. Siku za kungoja zilikuwa siku njema. Nataka hilo liandikwe. Tulicheka, tulilima bustani ya mchicha, tuligombana juu ya redio. Sikutaka ziishe upesi, na sikutaka ziendelee.

Siku ilipofika tulikwenda hospitali ile ile ya misheni. Daktari wa zamu alikuwa mama mmoja mtu mzima. Alimpaka mke wangu mafuta tumboni, akaanza kupitisha kile chombo, macho kwenye mashine. Alikaa kimya. Alirudi pale pale upande wa kushoto, akashikilia.

"Daktari," mke wangu akasema, "mimi ni mwalimu. Ukikaa kimya hivyo juu ya daftari la mtoto, mtoto anajua amefeli."

Yule mama akacheka. "Nilikuwa nastaajabu walivyokata," alisema. "Pamepona vizuri. Sioni uvimbe wowote. Ini ni gumu kama lilivyokuwa, mtarudi tena kupima, lakini leo hakuna kitu."

Mke wangu alilala pale pale, mafuta tumboni, anatazama dari, na machozi yakamtiririka kuelekea masikioni. Mimi nilimwomba daktari ruhusa, nikatoka.

Nje, nyuma ya wodi, palikuwa na majani yaliyofyekwa. Nikaelekea kibla, nikasujudu. Sikuwa na maneno yaliyopangwa. Nilibaki paji la uso chini, harufu ya majani puani, na kila nilipotaka kunyanyuka nilikumbuka neema nyingine nikabaki.

Nikasikia hatua zake, fupi na za haraka.

"Maalimu, inuka," alisema juu yangu. "Watu wanatazama. Watadhani mgonjwa ni wewe."

Sikuinuka. Alisimama kidogo. Kisha nikasikia anavua viatu, anakunja baibui yake vizuri magotini, na akashuka chini nyuma yangu.